Wimbo Tulioapa Kutoutafsiri

Siku ile nilivaa koti langu la kazini, lile la bluu lililochakaa mifukoni, kwa sababu sikutaka kupendeza. Mwanamke anayekwenda kuachana na mtu hapaswi kupaka wanja. Nilipaka kidogo, nikafuta, nikapaka tena. Moyo wangu mimi ndivyo ulivyo, haunisikilizi.

Nilitoka kwetu Edmonton, kaskazini mwa London, kwenda Stratford, ambako Mitesh alikuwa ananisubiri mlangoni mwa ukumbi wa zamani uliowahi kuwa kanisa. Tiketi tulikata tangu Oktoba. Bendi ya Mossvägen, Waswidi watano tuliowapenda kuliko tulivyopendana wenyewe, walikuwa wanakuja London kwa mara ya kwanza, onyesho la Jumamosi saa tisa alasiri. Sasa ni Februari, siku yenyewe imefika, na mimi nimebeba neno zito kifuani. Nilishuka kituo kimoja kabla ili nitembee, nipate kulipanga hilo neno. Halikupangika.

Nieleze kwanza Mitesh ni nani, usije ukanihukumu bure.

Mitesh ni fundi. Ana duka dogo Croydon, anatengeneza redio za zamani, vinanda vya santuri na zile amplifaya zenye taa ndani, ambazo ukiwasha lazima usubiri zipate moto. Kazi aliirithi kwa baba yake, Mhindi wa Mwanza aliyekuwa fundi redio huko kabla hawajahamia huku. Mimi ni kea, nahudumia wazee majumbani mwao. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mzee mmoja Mwingereza, Ian, ambaye kinanda chake cha santuri kiliharibika akagoma kula. Nikakibeba mwenyewe kwenye tramu. Mlangoni pa duka nikalalamika kwa Kiswahili, nikijua hakuna wa kunielewa: "Mgongo wangu mimi, leo utaniua."

Sauti ikatoka ndani. "Pole dada. Tua mzigo."

Nikatua. Mengine yalifuata yenyewe.

Siku hiyo dukani mlikuwa na muziki ambao sikuwahi kuusikia. Gitaa lilikuwa na mkwaruzo mzito, kinanda kikilia kwa mbali kama kiko chumba cha pili, filimbi ikiingia na kutoka, na mwanamke akiimba taratibu, hana haraka ya kufika popote. Nikauliza ni muziki wa miaka ya sitini au sabini. Akacheka. Akasema umerekodiwa mwaka juzi, ila wenyewe wanatumia mashine za tepu za zamani, na baba yake alikuwa na mashine kama hiyo pale Mwanza. Mlio ule ule.

"Wanaimba lugha gani?"

"Kiswidi."

"Unakielewa?"

"Hata neno moja."

"Sasa unapenda nini?"

Alifikiri kwanza. Mitesh hajibu swali kabla hajalifungua na kuangalia ndani. "Hakuna anayenigombeza kwa lugha hiyo," alisema.

Nadhani nilimpenda pale pale. Kwa sababu niliona ni kweli. Kiswahili changu kina baba yangu ndani, na mashemasi wenzake wote. Kigujarati chake kina mama yake na mashangazi. Kiingereza kina meneja wangu wa shifti na barua za serikali zenye dirisha la plastiki. Kiswidi hakikuwa na mtu. Tuliingia humo wawili, tukafunga mlango. Nilisikiliza Mossvägen kwenye basi la 149 nikienda kazini alfajiri, kanisani wanakataza muziki wa dunia na mimi ninao masikioni, Mungu anisamehe. Zaidi ya zote tuliupenda wimbo wa nne. Tukaapa kwamba hatutatafuta maana yake, iwe kwenye simu au kwa kumuuliza mtu. Kila mmoja abaki na maana yake. Yangu ilikuwa msichana anavuka mto ulioganda kumfuata mpenzi wake ng'ambo, na barafu haivunjiki. Ya Mitesh ilikuwa jamaa anaezeka paa la nyumba kabla mvua haijaja. Fundi ni fundi tu.

Wiki mbili kabla ya onyesho, Mitesh alikuja kwetu kuniposa. Alikuja peke yake.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na kosa ni langu, kwa sababu sikumweleza sawasawa. Sisi watu wa Uvira, kule Kongo, mwoaji haji peke yake, na akija na watu wake hafungui mdomo. Anasemewa. Yeye alikaa kwenye kochi letu na boksi la peremende za kwao mapajani, akajisemea vizuri sana kwa Kiswahili cha Mwanza. Baba yangu, shemasi Naftali, alimsikiliza hadi mwisho, akamnywesha chai, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi akafunga mlango taratibu.

"Ile kijana, batu yake iko wapi?"

"Baba yake alifariki. Mama yake hajataka bado."

"Raïssa, mwana yangu. Mimi sikatae Muhindi. Sikatae hata dini yake, ile tutaombea. Lakini mutu anajiombea bibi mwenyewe, ni kama mutu aliyeokotwa. Siku mutagombana, nitaenda kugonga kwa nani?"

 Akaniambia familia ya Gervais wa kwaya yetu imetuma neno la posa tangu Krismasi, na hawezi kuwaweka zaidi. Jumapili ya pili, saa kumi na mbili jioni, atawapigia simu wafike. Watu wa Mitesh wakija kabla ya hapo, atawasikiliza. Gervais ni mtu mzuri, sina ubaya naye. Na baba yangu ndiye aliyenibeba mabegani kutoka Uvira mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nikiwa na miaka minne. Siolewi bila mkono wake kichwani. Hilo nililijua kabla ya Mitesh, na Mitesh analijua.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi, na kesho yake ndiyo Jumapili yenyewe.

"Umechelewa," Mitesh alisema.

"Nilitembea."

"Baridi hii?"

"Nilikuwa nafikiri."

Alinitazama. Ana macho ya kazi yake, anakuangalia kama anatafuta waya uliokatika. Nikaona ameshaupata.

"Tuingie kwanza," alisema.

"Mama amesemaje?"

"Raïssa, tuingie."

"Amesemaje, Mitesh?"

Akavuta pumzi. "Amesema niende ninakotaka, lakini yeye haendi Edmonton kuomba binti kwa watu asiowajua. Amesema baba angekuwa hai nisingethubutu." Akatazama viatu vyake. "Nimeshaandaa chumba cha juu ya duka. Nahama kesho. Halafu nitarudi kwa baba yako, nimweleze kwamba sina..."

"Umweleze kwamba huna watu? Hicho ndicho anachokikataa."

"Nina wewe."

"Mimi ndiye ninayeombwa. Siwezi kuwa upande wako na upande wangu."

Watu walikuwa wanatupita kuingia ndani, wazee wenye nywele ndefu nyeupe na vijana waliovaa makoti ya bibi zao. Tulikuwa tumesimama njiani. Nikamvuta mkono pembeni, ukutani, na nilipoushika nikasahau nilichotaka kusema. Mikono ya Mitesh inanukia risasi ya kuchomelea nyaya. Nimeizoea harufu hiyo kuliko manukato.

"Sitaki umwache mama yako kwa ajili yangu," nilisema.

"Si wewe unayeniachisha."

"Ni mimi. Nitakaa nawe mezani tunakula, na kila tonge nitamwona yeye anakula peke yake kule. Mitesh, mimi nimehudumia wazee wangapi nchi hii? Najua nyumba ya mama ambaye mwanawe haji. Naijua hata harufu yake. Mapazia hayafunguliwi. Ananiita mimi jina la mtoto wake, naitika. Unataka mama yako aitikiwe na mtu kama mimi, analipwa kwa saa?"

 Akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Kwa hiyo?" alisema mwishowe.

"Kwa hiyo leo tuwasikilize Waswidi wetu. Wakimaliza, kila mmoja ashike njia yake."

"Umeamua."

"Nimeamua."

"Ukiwa umepaka wanja," alisema taratibu. Nilitamani ardhi inimeze.

Tuliingia. Taa za ukumbi zikashushwa, ingawa mwanga wa mchana ulipita bado kwenye vioo vya rangi vya lile kanisa la zamani. Mossvägen walipanda jukwaani bila mbwembwe. Mwimbaji ni mwanamke mfupi wa makamo, nywele zimefungwa na kitambaa, na kumbe kinanda anapiga yeye mwenyewe. Gitaa lilipoingia nililisikia kwenye mbavu. Nimezoea kuwasikia kwenye vidude vya masikioni, sauti ndogo inayojificha. Pale ilikuwa kubwa mpaka mbao za sakafu zilitetema chini ya viatu, na wakati huo huo ilikuwa ile ile, ya kizamani, yenye vumbi kidogo, kama redio ya kambini iliyokuwa ikianza kukoroma kabla haijakamata kituo. Tulisimama bega kwa bega. Wimbo wa kwanza sikuugusa mkono wake. Wa pili niligusa. Wa tatu nililia, na sikujificha.

Walipomaliza wa tatu, mwimbaji akanywa maji, akasogelea maiki. Akasema kwa Kiingereza kwamba wimbo unaofuata huwa hapendi kuueleza, ila leo amejisikia kuwaeleza watu wa London unahusu nini.

Nilishtuka. Nikageuka kwa Mitesh, na kabla sijasema neno viganja vyake vilikuwa masikioni mwangu. Alinibana kwa nguvu, uso wangu kwake. Ukumbi ukawa kimya. Nilisikia damu yangu mwenyewe tu. Kwa juu ya bega langu alikuwa anamtazama yule mwanamke, na mimi nilikuwa namtazama yeye. Hakuwa na mkono wa tatu wa kuziba ya kwake.

Nikaona uso wa Mitesh ukibadilika. Kwanza alisikiliza kama mtu wa kawaida. Halafu akakunja uso. Halafu midomo ikaachana, na machozi yakamtoka bila yeye kujua, yakashuka mpaka kwenye ndevu. Aliponiachia masikio, kinanda kilikuwa kimeshaanza.

"Kasema nini?" nilimnong'oneza.

"Tuliapa."

"Tumeachana, Mitesh. Hakuna kiapo tena."

"Basi baki na mto wako," alisema. "Angalau huo usiharibike."

Tulisikiliza wimbo wa nne mpaka mwisho. Msichana wangu alivuka mto, lakini safari hii nilimsindikiza kwa woga, kwa sababu nilishajua kwamba si yeye. Filimbi ilipokoma, Mitesh akainama, akagusa paji lake la uso kwenye la kwangu.

"Naondoka kabla hawajamaliza," alisema. "Kuna kitu nataka kukifanya, nikikaa nitaogopa. Usinifuate."

"Ndiyo kwaheri?"

"Ulisema kila mmoja ashike njia yake."

Akapenya katikati ya watu. Sikumfuata. Nilibaki nimeduwaa kati ya Waingereza waliokuwa wanacheza macho yamefumbwa, nikasikiliza nyimbo sita nyingine peke yangu. Kwenye treni nilishika simu. Ningeandika maneno machache tu, maana ya wimbo ingekuja yote. Nilikaa nayo mkononi hadi Edmonton Green, nikairudisha mfukoni. Nilikuwa nimempoteza yeye, sikutaka niupoteze na mto.

Jumapili Gervais aliimba sauti ya pili kanisani, na aliimba vizuri. Mama yake alinishika mkono kwa furaha tulipotoka. Nikatabasamu. Ndani nilikuwa nimekufa ganzi, ukweli usemwe.

Nyumbani mama alipika sombe ya majani ya muhogo na fufu.  Baba aliweka simu juu ya meza, akaigeuza kioo chini. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja kasoro kidogo, kengele ya mlango ikalia.

Mama alifungua. Mlangoni alisimama mwanamke wa Kihindi wa miaka sitini na ushee, sari ya kijivu chini ya koti nene la baridi, mkoba kaukumbatia kifuani. Nilikuwa nimewahi kumwona kwenye picha tu, ukutani dukani. Ni Lila, mama yake Mitesh.

"Hodi," alisema. "Hapa ndipo kwa bwana Naftali?"

"Ndipo. Karibu, mama," mama yangu alisema.

Akavua viatu. Alichukua muda, maana magoti yanamsumbua. Baba alisimama. Lila akaingia na soksi zake mpaka katikati ya sebule, akanitazama mara moja, toka juu hadi chini, kisha akamgeukia baba.

"Kijana iko wapi?" baba aliuliza.

"Nimemwacha kwenye gari. Ameniambia kwenu mwoaji hasemi."

"Ni kweli. Na wewe, mama, umekuya na nani?"

"Peke yangu. Mume wangu amefariki. Ndugu zangu nimewaambia asubuhi, wote wamekataa, mmoja amenikatia simu." Alikaza mkoba. "Mimi ndio watu wake. Kama mtu mmoja hatoshi, niambie, nitarudi."

Baba alinyamaza. Namjua baba yangu. Akitaka kusema hapana, huwa anasema haraka.

"Nilisikia ulikuwa hutaki," alisema. "Leo unataka?"

"Hapana, bwana. Sitakudanganya. Sijafurahi bado." Sauti yake haikupanda. "Jana mwanangu alikuja nyumbani jioni. Hakula. Akaweka santuri ya wale Waswidi wake kwenye mashine ya baba yake. Nikamwambia zima makelele. Akasema, Mama, sikiliza huu mmoja, halafu nafunga mizigo. Akaniambia yule mwimbaji kaeleza maana yake mbele za watu."

Nikashika kiti. Hapo ningeweza kuziba masikio yangu mwenyewe. Sikuziba.

"Ni mama mmoja wa huko kwao," Lila alisema. "Mtoto wake alileta mtu nyumbani, mama akasema huyu hapana. Mtoto akaondoka. Yule mama kila jioni akawa anawasha taa dirishani. Miaka yote. Siku aliyokufa, waliikuta inawaka. Mwimbaji kasema ni bibi yake. Mimi lugha ile sijui hata neno, bwana, lakini nilimwambia Mitesh aurudie. Ameurudia mara nne." Akafuta jicho kwa ncha ya sari, kwa haraka, kama kaingiwa na vumbi. "Sikuja kwa sababu nimefurahi. Nimekuja kwa sababu sitaki kuwasha taa."

 Kisha baba yangu, shemasi Naftali, alifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Alichukua kiti chake mwenyewe, kile ambacho sisi watoto hatukikalii, akakivuta hadi kwa Lila.

"Ikala, mama," alisema. "Mutu moja anatosha. Ndjo vile."

Lila akakaa. Mama akaleta sahani, na Lila akasema kwa aibu kwamba yeye hali samaki wala nyama. Mama akamwambia sombe ya leo haina samaki, kana kwamba alijua. Baba akaichukua ile simu mezani, akaitia mfukoni.

"Nitapigia familia ya Gervais," aliniambia bila kunitazama. "Nitawaeleza kwa heshima. Na wewe, enda nje. Mwoaji akishasemewa anaingia, ndjo desturi. Tena kuko baridi."

Nilitoka na ndara. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya jirani, vioo vimejaa ukungu wa pumzi. Kutoka nje niliusikia wimbo wa nne, kinanda kile, sauti ile ya taratibu. Nikagonga kioo. Mitesh akakishusha. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala.

"Amekwambia?" aliuliza.

"Ameniambia."

"Pole. Nilitaka ubaki na mto."

Niliingiza mkono dirishani, nikaupitisha kwenye shavu lake, nikaufikisha kwenye redio ya gari.

"Zima sasa," nilimwambia. "Baba anakuita."